Namba Isiyosogea

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka mwili hunisisimka.

Nilikuwa fundi katika chumba cha pampu, juu ya shimo la shaba karibu na Musonoi. Kaka yangu Mulumba alikuwa chini kabisa, akitengeneza pampu iliyokwama. Kompyuta yetu ilipima maji ya shimo na kupiga king'ora cha kuwatoa watu yakipanda. Asubuhi ile programu yake ilikuwa imeandikwa upya na mwenzangu Kabwe, hodari wa hesabu.

Adhuhuri redio ikakoroma. "Maji inafika mu magoti," ikasema sauti ya Mulumba. Tukatazama kioo cha kompyuta: namba ile ile ya asubuhi.

"Usijibu," Kabwe akanong'ona. "Ni bafu ba zamani. Banaita na sauti ya ndugu yako."

Ndivyo walivyosimulia pale, kwamba bafu, yaani wafu waliofukiwa shimoni, huazima sauti za walio hai. Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Mkono wangu ukasita juu ya redio.

"Maji iko mu kiuno," sauti ikasema, tulivu mno. Namba haikusogea.

Tata Ilunga, mkuu wetu, akaingia sauti ile ingali redioni. Alipiga king'ora kwa mkono kwanza, ndipo akasoma programu. Mstari ulisema: kipimo = kioo.

"Si ni sawasawa, tata?" Kabwe akajitetea. "Kushoto na kuume binalingana."

"Binalingana mu hesabu ya masomo. Huku kuume kunatoa, kushoto kunapokea. Weye unakamata namba ya zamani ya kioo, unaimwanga juu ya kipimo kipya. Mashini inajisikiliza yenyewe!"

Akaandika kioo = kipimo. Namba ikaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Mulumba alipanda ngazi akiwa amelowa hadi shingoni. Hakututukana. Aliuliza tu, "Juu ya nini hamukunijibu?"

Mwanangu, kabla ya kuandika alama ile ya usawa, jiulize nani anatoa na nani anapokea, kwa maana anayepokea hupoteza alichokuwa nacho. Uvumi nao hufanya hivyo: humwaga maneno ya jana juu ya ulichokisikia leo kwa masikio yako. Usiupokee. Hakiki; na mtu akiita, mwitikie kwanza, mengine baadaye. Mungu akujalie macho yasiyoridhika upesi, na siku utakapoita wewe, asikose wa kukuitikia.