Watu Waliokatwa Kwenye Picha za Reli

Nilikwenda Toronto kuchukua picha za zamani za reli za Marekani, na nimerudi na hasira. Baba yangu alikuwa kibarua wa njia ya reli hapa Nakuru, kazi ya kubeba vyuma na kubadilisha mataruma, zile mbao nzito zinazolaliwa na reli, mpaka mgongo ukamshinda. Hatuna picha yake hata moja akiwa kazini. Karani wa stesheni siku hizo alikuwa Mgoa, Bwana Caetano, aliyehamia Kanada baadaye. Huko akaanza kununua picha za reli za kwanza za Wamarekani, na alikuwa mchaguzi: picha isiyo na wafanyakazi haitaki. "Za watu wetu sikuzipata," aliniambia kwenye simu. "Hizi nitakuachia wewe, watoto wako wa shule wawaone waliofanya kazi." Mimi ni mwalimu, na nilikuwa nimeshatenga chumba kizima shuleni. Mwaka jana akafariki. Hivi karibuni mjane wake, Mama Lourdes, akanipigia kwamba nizifuate.

Uwanja wa ndege nilipokewa na Njeri, binti wa kaka yangu. Ni muuguzi, anaishi kwenye ghorofa za Kingsview Village, ambako lifti inanukia iliki na ndege zinapita karibu sana na paa. Alinivika koti lake.

"Tata, kesho niko off, nitakupeleka," alisema, kwa neno letu la nyumbani la shangazi. "Hii baridi si ya kuzurura peke yako."

Asubuhi tulipanda basi la Kipling, tukaingia treni ya chini ya ardhi, tukabadili treni na kwenda kaskazini hadi mwisho wa njia, kisha basi jingine. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilimsimulia Njeri picha zote jinsi Bwana Caetano alivyonieleza: Wachina na nyundo zao, Weusi wamebeba chuma kimoja begani, kijana mmoja aliyecheka wakati wenzake wamenuna.

Richmond Hill, nyumba ya matofali mekundu. Mama Lourdes alinikumbatia mlangoni. "Karibu Mwalimu, pole na safari. Chai kwanza." Mwanawe Nelson ni mtu mzima wa kazi za ofisini. Anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa lugha yetu.

"Njoo uone nilivyozitengeneza kwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Baba," alisema.

Sebuleni zilikuwa zimetundikwa kwenye fremu za dhahabu. Ya kwanza ilikuwa na injini yenye bomba refu juu ya daraja la mbao, na kando yake Bwana Caetano, ndani ya suti yake ya kustaafu, anatabasamu. Ya pili, rundo la mataruma na Bwana Caetano. Ya tatu pia, na zote zilizofuata.

"Watu wako wapi?" niliuliza.

"Watu gani, Auntie?"

"Waliokuwa wamesimama hapo alipo baba yako!"

"Ah, wale. Niliwatoa ili Baba apate nafasi. Alizipenda sana hizi picha, tukataka kanisani wamwone ndani yake."

"Umewatoa kwa kompyuta?"

"Kwa mkasi, kisha nikabandika picha ya Baba. Zilikuwa karatasi za zamani tu."

Niliuliza vipande viko wapi. Vilikwenda na gari la taka.

Nilimwona baba yangu akitupwa pamoja nao, na nikasema yote yaliyonijia mdomoni. Kwamba amesoma bure. Kwamba baba yake alizinunua kwa ajili ya hao hao aliowatupa.

"Lakini hakuna aliyejua majina yao," alisema Nelson.

Hapo nilipiga kelele. Njeri akanivuta mkono. "Tata, tafadhali. Wako na msiba."

"Na hawa waliotupwa, msiba wao uko kwa nani?"

Mama Lourdes aliinuka. Alikwenda jikoni akarudi na kisu cha siagi, akafungua fremu moja, akaanza kumbandua mumewe taratibu, kuanzia begani.

"Mama, acha," alisema Nelson.

"Baba yako alikuwa karani. Hakubeba taruma hata siku moja." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini kisu hakikusimama. Nelson alitoka nje bila koti.

Alipozimaliza zote, zilibaki injini na matundu yenye umbo la vichwa na mabega. "Chukua hivyo hivyo," Mama Lourdes aliniambia. Nilipaswa kumshukuru. Sikuweza. Kwenye basi la kurudi Njeri alininunulia kahawa, nikaishika mpaka ikapoa.

Nakuru sasa. Picha ziko ukutani, na rangi ya ukuta inaonekana ndani ya matundu. Nilizoea kudhani watu hufutwa na wanaowachukia. Kumbe wanaweza kufutwa na mtoto mwema anayempenda baba yake, na hasira yangu haijapungua kwa kujua hilo. Wanafunzi wananiuliza ni nani walikuwa hapo, nami najibu kwamba sijui.

Njeri ameniomba kwa simu nilainishe maneno niliyoandika chini ya picha hizo. Sitalainisha. Yanasema: "Hapa walisimama waliojenga reli. Walikatwa kwa mkasi mwaka huu."