Moyo wa Marehemu na Sato Asiye na Nyanya

Jumamosi nilimfuata mke wangu saluni, Igoma, nikawakuta wanawake wanaangalia filamu ya Kijapani iliyotafsiriwa Kiswahili. Mchumba wa binti amekufa ajalini, moyo wake ukapandikizwa kwa kijana mwingine. Sasa kijana anakumbuka mambo ya marehemu, na anampenda binti yule yule.

"Mume wangu azikwe na moyo wake!" alisema msusi, akikaza msuko kwa hasira. "Upewe mtu wa mtaa wa Mirongo, uanze kutongoza wanawake wa Mirongo? Thubutu!"

Wote walicheka, isipokuwa mke wangu. Yeye alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kabla yangu alikuwa na mume, akafa. Mtu anamwoneaje wivu aliyelala chini ya saruji? Mimi naweza, na nilinuna.

Njiani nikamuuliza, "Ulikuwa unamlilia nani?"

"Nalilia filamu," akajibu, macho barabarani.

Tukaingia kwa mama lishe. "Nichemshie sato," nikaagiza. "Usiweke nyanya, nikamulie ndimu tu."

Mke wangu akageuka, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Ndipo nilipokumbuka. Kwa mama yangu, samaki bila nyanya hakuliwa. Sato wa namna hii nilimzoea kwa mke wangu, aliyejifunza kumpika hivyo kwa sababu nyanya zilimsumbua marehemu mumewe tumbo.

Hakuna daktari aliyenipasua kifua, lakini mdomo niliokuwa nikila nao haukuwa wangu. Na sato alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniuma.