Ndovu, Maembe na Bwana Aliyekwea Mwamba

Juzi nilikuwa Magogoni, pale wanapoosha magari. Shule niliiacha mapema, lakini kwa usukani Kisauni nzima hakuna wa kunifikia. Likaingia gari limejaa vumbi jekundu la Tsavo, mlango umebonyea. Akashuka bwana, kifua mbele. Mkewe akabaki ndani.

"Ndovu huyo!" bwana akatuambia. "Twaenda kwa wazazi wangu Taveta, kiti cha nyuma maembe matupu. Nikashuka nipige picha milima. Mara kaja, kanusa maembe, kaingiza mkonga dirishani!"

"Nawe ukafanyaje?" akauliza muoshaji.

"Nilikwenda kutafuta msaada."

Mkewe akafungua mlango. "Msaada juu ya mwamba? Na ufunguo wa gari mfukoni?"

Tukacheka, mimi wa kwanza. Kisha nikaona yule dada anabandua makapi ya maembe yaliyomkaukia begani. Hasira zikanipanda.

"Shujaa gani wewe? Si ungemtupia japo ufunguo!"

Wazee waliokuwa pale ndio walionichemsha zaidi. "Mama, msamehe mwenzio. Shukuru Mungu mmerudi salama."

"Nimerudi mimi," akasema. "Yeye aliniacha kule kule." Akachukua mkoba wake, akapanda bodaboda kwenda kwa mamake, Ziwa la Ng'ombe.

Bwana akanigeukia. "Kwani wewe ungefanyaje?"

"Ningerudi garini," nikamjibu. Kama kweli ningerudi, sijui. Ila kama ningekimbia, wallahi nisingekuja kujisifu huku mke wangu anasikia.