Malimbuko ya Matango

Nilirudi nyumbani Shirimatunda na shahada ya sosholojia, kitu ambacho nchi nzima ilikuwa ikikisubiri kwa hamu. Kwa kuwa hamu hiyo ilichelewa kunipigia simu, nikapewa kazi ya kumwagilia matango ya mama.

Matango hayo yalikuwa na kesi. Baba alikuwa amestaafu, na kama wastaafu wengi wa Moshi alipata maono ya vyumba vya kupangisha. Aliviona kwenye kile kipande cha ardhi chini ya nyumba kinachopitiwa na mfongo, mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani tangu enzi za babu zake. Mama, mahali palepale, aliona matango. Walibishana masika yote, kisha wakakubaliana kwamba mama apewe msimu mmoja. Matango yakikubali, shamba linabaki shamba. Yakikataa, unachimbwa msingi. Na ili kuonyesha kwamba hana upendeleo, baba aliagiza matofali wiki ileile, yakapangwa pembeni mwa shamba. Kila jioni alikaa juu yake akimwangalia mke wake akipalilia, kama mwamuzi anayesubiri kupuliza kipenga.

Miche ilipanda kamba vizuri, ikatoa maua ya kwanza, yote ya kiume, yakachanua na kuanguka bila kuacha kitu.

"Maua ni mengi," baba alisema. "Tutakula kachumbari ya maua."

Baadaye yakaja ya kike, ambayo huyatambui kwa lolote ila kitango kidogo nyuma yake, mfano wa kidole cha mtoto mchanga. Kila mche ukabeba tango lake la kwanza, likanenepa. Yaliyofuata yalikuwa ya njano kabla hayajawa matango. Yalinyauka kuanzia nchani, na ukiyagusa yanadondoka.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mwenye duka la pembejeo, bila kuliona shamba, aligundua kwamba ugonjwa wetu unatibiwa na chupa ileile aliyokuwa nayo rafuni. Jirani alimshauri mama akumbuke ni nani alipita akasifia. Mimi niliwasikiliza wote kwa dharau niliyoisomea chuo kikuu, nikasoma kidogo kwenye simu, nikatangaza kwamba hatuna nyuki wa kutosha. Kuanzia hapo kila asubuhi nilizunguka shambani na unyoya wa kuku, nikipangusa chavua kwenye maua ya kiume na kuipaka kwenye ya kike, wanafunzi wakisimama njiani kunitazama.

"Mwanangu," baba aliniita kutoka kwenye matofali, "hii ndiyo ile digrii?"

Matango madogo yaliendelea kudondoka, sasa yakiwa yamechavushwa kitaalamu.

Kilichonifumbua macho ni kuku wenyewe, sio unyoya wao. Mwisho wa shamba, karibu na banda, walikuwa wamedonoa matango ya kwanza ya miche kadhaa, na mama aliyakata kwa uchungu akampa ng'ombe. Sasa miche hiyo iliyoonewa ilikuwa imebeba kuliko yote. Matango yalining'inia kila kifundo, manyoofu, ya kijani. Udongo ni uleule, maji yaleyale, na kule mwisho sikuwa nimewahi kufika na unyoya wangu.

"Mama, haya manene ya miche mingine yamepita ukubwa wa kuuza. Kwa nini hayajavunwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Hayo ni malimbuko."

Nilipaswa kujua. Kanisani kwetu, Jumapili ya mavuno, kila nyumba inapeleka mazao yake ya kwanza, na baada ya ibada mzee wa kanisa anayanadi nje. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba ni mashindano, kwa hiyo wote wanashindana. Mwaka uliopita jirani yetu alileta boga lililobebwa na wanaume wawili, akatembea nyuma yake kwa unyenyekevu mkubwa. Mama alilikumbuka boga lile. Ndiyo maana kila mche ulilazimishwa kulitunza tango lake la kwanza hadi siku hiyo.

"Mama, mche una chakula cha kiasi. Tango la kwanza likianza kukomaza mbegu, mche unaona umeshapata mrithi. Wadogo wanaofuata unawanyima, wanakufa."

"Mche wa tango unajua mambo ya urithi?"

"Kuliko ukoo wetu."

Alicheka kidogo, kisha akakunja uso. "Kwa hiyo nimpelekee Mungu kitu kama kidole?"

"Mpelekee mapema tu. Yanatakiwa ya kwanza, nani alisema yawe manene?"

"Kanisani umeacha kwenda tangu uanze chuo, leo unanifundisha malimbuko."

"Mimi nafundisha matango. Mungu umemleta wewe."

Aliangalia yale matofali kwa muda, halafu akaenda kumkamua ng'ombe.

Jumamosi alishika kisu mwenyewe. Alikata yote isipokuwa tango moja katikati ya shamba, ambalo nilimwomba aliache ili tuwe na cha kulinganisha, maana hata mimi sikujiamini. Kesho yake aliyapeleka kanisani kwenye kapu, Jumapili ya kawaida kabisa. Mzee wa kanisa akamwambia, "Mama, mavuno bado." Akajibu, "Ya kwangu yamewahi," akayaweka mbele ya madhabahu peke yake, watu wakinyoosha shingo.

Kisha miche ikaanza kushika. Sikushangilia hadharani, kwa sababu wiki hiyohiyo mvua ilinyesha, na mama, asiyeweka mayai yote kwenye dini, alikuwa amenyunyiza pia ile chupa ya dukani. Ushahidi wangu ulikuwa ule mche mmoja wa katikati. Ulikumbatia tango lake nene, lililoanza kuwa la njano, na kitango kingine chochote kikijitokeza kinaanguka, huku majirani zake wote wamelemewa. Gari la mfanyabiashara wa Himo likaanza kusimama getini.

"Msimu haujaisha," baba alisema juu ya matofali, akitafuna tango lenye chumvi.

Jumapili ya mavuno mama alipeleka lile la njano. Mzee wa kanisa alilinyanyua kama mtoto wa ubatizo.

"Hili ni tango, au ni boga lililopotea njia?"

Watu walicheka, mama akatazama viatu vyake. Sauti ikatoka nyuma ikataja bei. Alikuwa baba. Hakuna aliyeongeza, akapandisha bei mwenyewe.

"Mzee mwenzangu," mnadi akamwambia, "hakuna anayeshindana na wewe."

"Yupo," baba alisema bila kumwangalia mama, akapandisha tena.

Nyumbani alilipasua juu ya matofali, akakwangua mbegu, akazisuuza mfongoni na kuzianika kwenye gazeti alilolitandaza pale alipozoea kukaa.

"Za kupanda wapi?" mama aliuliza.

Baba akanyoosha kisu kuelekea shambani, akakizungusha kuonyesha shamba lote.

Nilimwambia hizo ni mbegu chotara, zitakazoota hazitafanana na mama yao.

"Nimeshaona," alisema, akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akaendelea kuzitandaza.