Mrushaji Aliyetolewa

Usiku ule nililala mapema, kama walalavyo watu wasio na wa kubishana naye. Haruni, rafiki yangu tangu sekondari, tulimzika wakati wa masika, na sasa kipupwe kilikuwa kinaisha.

Kwa miaka mingi tulifuatilia pamoja ligi ya besiboli ya nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga. Kila Jumapili asubuhi, sebuleni kwake, tulibishania jambo moja: mrushaji gani, yule anayemtupia mpigaji mpira, atamaliza msimu akiwa ameandikiwa ushindi mwingi kuliko wenzake. Mimi, na shahada zangu mbili, sikupatia hata mara moja. Mkewe, Mama Zuhura, alituwekea chai na vitumbua, akasema, “Watu wazima, mnamlilia kijana asiyewajua!” Kisha akaketi kutazama, kwa madai kwamba anapumzisha miguu.

Tangu mazishi sikurudi pale. Nilijiambia namwachia mjane nafasi yake. Hoja safi, mwanafunzi angeileta, ningempa alama za juu.

Katika ndoto nilikuwa kwenye uwanja wa shule yetu, mchana wa jua kali, nimechuchumaa na glavu ya mdakaji. Magoti hayakuniuma, hapo ningepaswa kutambua kwamba naota. Haruni amesimama kwenye tuta la mrushaji, amevaa pajama za hospitali, anaugeuzageuza mpira kiganjani. Hakuna mtu mwingine. Hata kunguru hawapo.

“Nani anaongoza?” ananiuliza.

“Sijui.”

“Profesa mzima?” Hicho ni cheo alichonipa yeye, chuo bado kinatafakari.

“Sijatazama tangu uondoke.”

Hacheki. Anaurusha mpira, nao unakuja taratibu, unaingia kwenye glavu bila kishindo. Namrudishia. Hanyooshi mkono. Mpira unampita, unabingirika mpaka kwenye nyasi.

“Acha,” anasema. “Mimi nimeshatolewa.”

Katika mchezo ule, mrushaji akishatolewa harudi. Anaketi kwenye benchi, na kama timu ilikuwa mbele, waliobaki uwanjani ndio wa kuulinda ushindi wake. Anawatazama tu.

“Wewe,” anasema, “nani kakutoa?”

Nafungua kinywa, na uwanja umekwisha kuwa sebule yake. Televisheni inawaka, sauti imepunguzwa. Mama Zuhura ameketi kwenye ncha ya kochi, mikono mapajani, macho kwenye mechi. Hajapumzisha miguu, ameikunja chini kama mgeni. Anageuza uso kulia, aseme jambo, anakuta kiti kitupu. Anarudi kutazama.

Haruni yuko mlangoni, bega langu na lake yanakaribia kugusana. Haingii.

“Mwite,” namwambia.

“Siwezi.” Ananielekeza ndani kwa kidevu. “Ingia wewe.”

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, Jumapili, na kidevu chake bado nilikiona, kimeelekea mlangoni. Nilikaa kitandani nikitunga sentensi ya kuanzia. Nikaifuta, nikatunga nyingine. Mwishowe nikapiga simu bila sentensi yoyote.

“Shemeji,” nikasema. “Ni mimi.”

Nyuma yake nikasikia umati wa watu ukishangilia, mbali sana, na mtangazaji akipaza sauti.

“Nilidhani nilizika wawili,” akasema.