Siku ya Kumtoa Mtoto Nje

Adélaïde, jirani yangu, aliuza mchele wa mashamba ya Buterere katika soko la mtaa wetu wa Kamenge miaka yote ya vita. Risasi zikilia alifunika gunia, akangoja, kisha akaendelea kupima. Hakuwa mtu wa kulialia.

Mwaka 2003 utaratibu mpya ulikuwa umetufikia: kila mgonjwa ajilipie yote, dawa, kitanda, hata uzi wa kushonea kidonda. Zénon, shemeji wa Adélaïde aliyefanya kazi wizara ya afya, aliutetea kila tulipokaa.

"Vita vimekula feza za serikali," alisema. "Mugonjwa asipochangia, dawa itatoka wapi?"

Swali lilikuwa na maana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Basi Amandine, binti wa Adélaïde, akajifungua kwa kupasuliwa. Adélaïde akauza mchele wote, mtaji ukaisha, deni la hospitali likabaki. Mlinzi akaambiwa Amandine asivuke geti mpaka amalize kulipa. Na kitanda alichokatazwa kukiacha kikaendelea kuhesabiwa kila siku. Sijui ni mtu wa akili gani aliyekaa mezani akatunga hesabu kama hiyo.

Kwetu mtoto mchanga hutolewa nje kwa sherehe, ndugu na majirani wakimpokea. Adélaïde alikataa kuahirisha. Tukaenda na pombe yetu ya ndizi, tukasimama barabarani mbele ya hospitali. Adélaïde akaja kutoka wodini na mtoto kifuani, Amandine akimfuata polepole. Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Mutoto anaweza kutoka, mama. Deni si yake. Huyu mwingine, apana."

"We, mutoto anatoka namna gani bila mama yake?" Adélaïde akamuuliza.

"Mi natumwa tu, mama."

Adélaïde akatoka na mtoto. Tulipiga vigelegele, lakini havikwenda mbali, maana Amandine alikuwa ameshika vyuma vya geti akitutazama. Zénon alisimama na kreti ya soda mikononi. Nilitamani aitetee serikali yake, nipate mtu wa kugombana naye.

Kisha mtoto akalia njaa. Adélaïde akambembeleza, akamtingisha, akampa kidole anyonye. Kilio kikazidi, na ziwa la mama yake lilikuwa ndani ya geti. Mlinzi akafungua geti kabla ya kuombwa, na bibi akamrudisha mjukuu wake kifungoni kwa mikono yake mwenyewe.