Tulipopatanishwa Barking

Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa mashariki mwa London alizaliwa Nairobi, akasomea Nairobi, na Mto Tana ameuona mara moja tu, kupitia dirisha la basi akienda harusini Lamu. Hilo halikumzuia kuandaa Siku ya Bonde la Mto Tana. Alitutangazia katika kundi la simu kwamba kutakuwa na historia, ngoma, chakula, na mwishoni tukio kubwa la upatanisho. Niliusoma ujumbe huo nikimenya viazi. Sikujua kwamba tukio lenyewe ni mimi.

Mimi ni Mpokomo. Kwetu ni chini ya Garsen, ambako watu hulima mpunga na ndizi kwa kufuata mafuriko ya mto. Mwenzangu niliyepanga naye nyumba Barking ni Muorma, mtoto wa wafugaji ambao kila kiangazi huteremsha ng'ombe mtoni kunywa maji. Watu wetu wameishi pamoja bondeni humo tangu zamani sana. Walibadilishana maziwa na nafaka, ng'ombe wakiingia shambani walitukanana, na wazee wakakaa chini wakayamaliza. Kisha, sisi tukiwa wasichana, ugomvi ukawa wa kuchomeana vijiji. Siku hizo aliuawa babu yangu mdogo. Mjomba wa mwenzangu pia aliuawa. Tulikuwa tumeambiana hayo mara moja, mwanzoni kabisa, tukiosha vyombo. Kisha tukaendelea kuosha.

Tulifanya kazi katika makao mamoja ya wazee, na anayetoka zamu mapema ndiye aliyepika. Nikikaanga samaki alifungua madirisha yote, hata wakati wa baridi, na mimi nilimwambia chai yake ni maziwa yaliyosingiziwa majani. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Jumapili moja mwenyekiti akaja kwetu na suti yake ya kikao. Alikaa ukingoni mwa kiti akatutazama kwa zamu.

"Dada zangu, nimesikia mnaishi pamoja. Mpokomo na Muorma chini ya paa moja! Hii ni ajabu."

"Ajabu gani?" mwenzangu akauliza. "Kodi ya London ndiyo ajabu."

Hakucheka. Akaeleza kwamba tutapanda jukwaani, tubadilishane zawadi, tukumbatiane na tusameheane.

"Tusameheane nini?" nikamuuliza.

"Historia," akasema, na akafumba macho kidogo, kama aliyeguswa moyo na neno lake mwenyewe.

Alipoondoka nilisema siendi. Mwenzangu akaniambia tukikataa watasema tuna kinyongo kweli. "Twende tu, dada. Tutakula pilau turudi."

Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya mto mpana wenye piramidi pembeni. Wachezaji ngoma walikuwa Wakenya wenzetu wa bara, wamejifunga shuka nyekundu na wanaruka juu, jambo ambalo sijawahi kumwona Mpokomo akilifanya wala Muorma. Watoto wa mbele walikuwa na simu zao, na mama zao wakiwasemesha Kiswahili wao wakijibu Kiingereza bila kuinua macho.

Mwenyekiti alihutubia. Makabila haya mawili, akasema, yamechukiana tangu enzi na enzi, chuki iko damuni. Hakugusa mabwawa ya huko juu yaliyotunyima mafuriko. Hakugusa mashamba makubwa yaliyoziba njia za ng'ombe kwenda mtoni, wala wanasiasa waliokuja na maneno yao wakati wa kura. Mambo hayo yana wenyewe, na baadhi ya wenyewe hao huja London wakapiga naye picha. Damu haina mwenyewe wa kulalamika, kwa hiyo alizungumzia damu.

Tukaitwa. Mimi nilipewa kichane cha ndizi za dukani, bado zina vibandiko, na mwenzangu akapewa chupa ya plastiki ya maziwa. Tukabadilishana.

"Ndizi zenyewe za Amerika," akaninong'oneza, na ilibidi niume mdomo nisicheke.

"Semeni neno!" mwenyekiti akapaza sauti.

Mimi nikasema, "Asanteni." Akamsogezea mwenzangu maikrofoni mpaka mdomoni. "Sema nimesamehe."

Mwenzangu akamtazama. "Nimesamehe," akasema, kwa sauti ile ile tunayowajibia wazee wanaouliza mara kumi kama leo ni Jumanne.

Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akilia, akaniambia mimi ni jasiri. Kamera zikafanya kazi yake.

Kesho yake picha ilikuwa imefika bondeni. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwamba Muorma amemsamehe Mpokomo huko London. Baba yangu akapiga simu asubuhi.

"Umesamehewa kosa gani? Sisi ndio tuliokosa? Nani alikutuma ukapokee msamaha?"

Chumba cha pili nikamsikia mama yake akipiga kelele simuni, na mwenzangu akirudia "la, mama, la." Baadaye aliniambia alichoulizwa: "Damu ya ndugu yangu umempa nani? Kwa ndizi?"

Jioni hiyo nilimwambia angekataa kulisema lile neno.

"Na wewe uliyeshukuru?" akanijibu.

Tukaacha kupikiana. Tulipishana koridoni kama wapangaji wasiojuana, na kwa mara ya kwanza nilimwangalia nikamwona Muorma, na nikajua naye ananiona Mpokomo. Mwenyekiti alikuwa amefanikiwa. Vita ambavyo havikuweza kuvuka bahari, yeye alivisafirisha kwa pilau na spika za kukodi.

Aliyevunja ukimya ni mwenzangu. Aliketi mezani akaniambia mjomba wake alikuwa mtu wa namna gani, mcheshi, mwoga wa mamba. Nikamweleza babu yangu mdogo, aliyekuwa akituchongea mitumbwi ya kuchezea. Tulilia sana. Hakuna aliyemsamehe mwenzake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyemuua mtu.

Kisha akaniambia nimpigie baba yangu, na baba alipopokea yeye akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye yule wa kwenye picha."

Simu ilikuwa kwenye spika, nami nikamsikia baba. "Marahaba," akasema. "Ng'ombe wenu wameshateremka?"

"Wameanza, baba."

"Waambie wapite njia ya juu. Ya chini tumepanda."

"Nitamwambia kaka leo hii."

Alimpigia kaka yake papo hapo, na mama yake akatulia baada ya muda, ingawa jina langu hakutaka kulisikia kwa miezi kadhaa.

Mwenyekiti tulikutana naye sokoni Barking. Tulimwomba aifute ile picha. Akashangaa: ndiyo picha bora kuliko zote, imemfungulia milango, anaalikwa kuzungumzia amani. Mwaka ujao anaandaa Bonde la Nili.

"Kuna Mmisri na Msudani mnaowajua, wanaoishi pamoja?" akatuuliza.

Walikuwepo, ghorofa ya juu yetu, mtu na mkewe.

"Hatuwajui," mwenzangu akasema, na tukaenda kununua vitunguu.